Senta Aliyemkumbatia Mpinzani Wake

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu nikiwa shule ya msingi, na kila mara mwalimu ameipigia mstari kwa wino mwekundu kuonyesha kwamba nimeitumia sawasawa. Kumbe kuijua kwa kalamu na kuijua kwa moyo ni mbali kama mbingu na ardhi! Siku niliyoihitaji hasa, methali ilinitoroka, nikabaki na aibu ambayo nimeibeba hadi leo. Msomaji mpendwa, keti kitako nikusimulie.

Mimi ndimi senta wa timu yetu ya mpira wa kikapu. Nafasi hiyo niliipata kwa sababu moja tu: urefu. Nilipojiunga na kidato cha kwanza, suruali ya sare ilinikomea juu ya vifundo vya miguu, na wenzangu hawakukawia kunibandika jina la Mlingoti. Kocha aliponiona nikipita na sahani yangu ya githeri aliniita akasema, "Wewe, kuanzia leo jioni, uwanjani." Basi ndivyo mambo yalivyoanza.

Katika mechi za muhula wa kwanza tulifika nusu fainali ya kaunti. Wengi wenu mlikuwepo, kwa hivyo mtanisahihisha nikidanganya. Senta wa wapinzani wetu alikuwa kijana mrefu kama mnazi, mpole, mwenye kucheza kwa akili. Kila alipougusa mpira, upande wetu ulipasuka kwa wimbo. Wimbo wenyewe sitauandika hapa, maana mhariri ataukata, nao unastahili kukatwa. Ulikuwa wa kulicheka kabila lake na kumwambia arudi kwao. Nami, badala ya kunyamaza angalau, nilicheka. Tena nilicheka akiniona.

Tulishindwa kwa pointi 3. Kipenga cha mwisho kilipolia yule kijana alinijia, jasho likimchuruzika, mkono ameunyosha. Nikageuka nikaenda kutafuta chupa ya maji. Mkono wake ukabaki hewani. Ati nilikuwa na kiu!

Basi la shule lilirudi kimya kama limebeba maiti. Jumatatu kocha akaniita chumba cha walimu. Nilijua leo ndiyo leo, asemaye kesho ni mwongo. Lakini hakunifokea hata kidogo. Alinipa karatasi kadhaa zilizopigwa chapa, akasema, "Huyu pia alikuwa senta. Msome, kisha uje unieleze kwa nini nimekupa." Niliyoyasoma humo, pamoja na mengine niliyoyafukua baadaye maktabani, ndiyo ninayowaletea hapa.

Jina lake lilikuwa Joe Lapchick. Alizaliwa tarehe 12 Aprili 1900 katika mji wa Yonkers, unaopakana na jiji la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka nchi ya Wacheki huko Ulaya, na mfukoni hamkuwa na kitu. Masomo ya msingi yalipokwisha, shule nayo ikaishia hapo. Akaingia kazini kusaidia nyumbani. Mwili wake, hata hivyo, haukujua habari ya umaskini. Ulirefuka hadi futi 6 na inchi 5. Siku hizi kimo hicho si ajabu katika mpira wa kikapu, lakini enzi hizo mtu kama huyo alitazamwa kama kioja. Nilipofika hapo nilimkumbuka Mlingoti, nikatabasamu peke yangu.

Usidhani, msomaji, kwamba mchezo wa wakati huo ulikuwa kama huu tunaouona kwenye televisheni. Mpira wa kikapu ulibuniwa mwaka 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, Massachusetts, kwa kutundika vikapu vya matunda ukutani. Watu wa kwanza kuucheza kwa malipo walicheza katika kumbi za dansi na popote palipopatikana sakafu. Viwanja vingi vilizungushiwa wavu wa waya au wa kamba ili mpira usitoke nje. Mchezaji akisukumwa kwenye waya huo, alirudi nyumbani na chale ambazo hakuzilipia mganga!

Isitoshe, kila baada ya bao mpira ulirudishwa katikati ya uwanja, masenta wawili wakaurukia upya. Sheria hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1937. Mimi huruka katikati mara moja tu, mchezo unapoanza, na bado kocha hunikemea kwamba naruka kama gunia la mahindi. Lapchick aliruka baada ya kila bao, usiku baada ya usiku. Timu yenye senta hodari wa kuruka ingeweza kuumiliki mpira muda mrefu, wapinzani wakabaki kuutazama kama fisi atazamavyo nyama iliyotundikwa juu.

Mkataba wa mwaka mzima ulikuwa nadra. Mchezaji alilipwa kwa mechi, na Lapchick akiwa kijana alichezea timu kadhaa kwa wakati mmoja, leo huku kesho kule. Mwenye kutoa dola nyingi ndiye aliyempata. Mwaka 1923 akajiunga na timu iliyoitwa Original Celtics, ya New York. Hawa walikuwa moto wa kuotea mbali. Walikaa pamoja, wakasafiri pamoja, wakajuana hata mtu akifumba macho alijua mwenzake yuko wapi. Mmoja wao, Dutch Dehnert, alisimama mbele ya kikapu akikipa mgongo, akapokea mpira na kuwagawia wenzake waliokuwa wakimpita mbio kushoto na kulia. Mbinu hiyo kocha wetu anatufundisha mpaka sasa.

Celtics walipoingia katika ligi ya taifa walitwaa taji la msimu wa 1926-27, wakatwaa na la 1927-28. Wenye ligi wakaona sasa utamu wa mashindano umekwisha. Timu ikavunjwa, wachezaji wakagawanywa. Lapchick na Dehnert wakaangukia timu ya Cleveland. Matokeo yake? Cleveland wakatwaa taji la 1928-29 na la 1929-30! Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, hata ukimhamisha jikoni.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kiini cha habari. Katika mtaa wa Harlem, New York, kulikuwa na timu nyingine ya kulipwa iliyoitwa Renaissance, au Rens kwa kifupi. Ilianzishwa mwaka 1923 na Bob Douglas, mzaliwa wa kisiwa cha St. Kitts katika Karibi, na wachezaji wake wote walikuwa watu weusi. Ukumbi wao wa nyumbani ulikuwa wa dansi. Mechi ikiisha, bendi hupiga na watu hucheza. Rens walikuwa hatari. Katika msimu wa 1932-33 walishinda mechi 88 mfululizo. Pamoja na sifa hizo zote, walipokwenda kucheza ugenini hoteli nyingi hazikuwapokea na mikahawa mingi haikuwauzia chakula, kisa na maana ni rangi ya ngozi. Watu walilipa kiingilio kuwatazama, kisha hao hao wakawanyima kitanda. Jamani!

Rens na Celtics walipokutana, kumbi zilifurika. Senta wa Rens alikuwa Charles Cooper, aliyepewa jina la utani la Tarzan. Lapchick alimheshimu mno, akamhesabu kuwa mmoja wa masenta bora kupita wote aliowahi kupambana nao. Mwana wa Lapchick, Richard, amesimulia mara nyingi jinsi baba yake alivyofanya kabla ya mchezo kuanza: badala ya kumpa Cooper mkono kama ilivyokuwa desturi, alimkumbatia. Mbele ya umati! Katika nchi ambayo mzungu na mtu mweusi hawakuruhusiwa kula meza moja sehemu nyingi, senta mzungu alimfungulia mikono senta mweusi, kisha wakaenda kupigania mpira bila kuhurumiana.

Niliposoma maneno hayo niliiweka karatasi chini. Niliuona ule mkono uliobaki hewani. Nikajiuliza: ikiwa mtu aliweza kukumbatia katika miaka ya 1930, huku umati ukimtazama kwa jicho la husuda, mimi kilinishinda nini kutoa mkono tu? Jibu silo la kujivunia. Niliogopa kwamba wale walioimba wangenigeukia mimi.

Turudi kwenye hadithi. Mwaka 1936 Lapchick aliacha kucheza, akaajiriwa kuwa kocha wa Chuo Kikuu cha St. John's, New York. Hebu fikiria kidogo: mtu ambaye hakukanyaga shule ya upili, sasa anawafundisha vijana wa chuo kikuu. Elimu yake ilikuwa ya uwanjani, ya gari moshi la usiku na chale za waya. Lakini vijana walimsikiliza, kwa sababu alilolifundisha amelitenda. Mwaka 1943 alishinda mashindano ya NIT, yaliyochezwa katika ukumbi wa Madison Square Garden na ambayo siku hizo yalikuwa kilele cha mpira wa vyuo. Mwaka 1944 akashinda tena. Hakuna chuo kilichokuwa kimelitwaa taji hilo mara mbili mfululizo kabla ya hapo.

Msidhani alikuwa mtu wa chuma. Alikuwa na wasiwasi ajabu. Mchezo ukiwa mkali alihangaika kando ya uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jambo hilo lilinifariji sana, mimi ambaye tumbo hunikoroga kila asubuhi ya mechi.

Mwaka 1947 akachukuliwa na timu ya kulipwa ya New York Knicks. Ligi hiyo haikuwa na mchezaji hata mmoja mweusi hadi msimu wa 1950-51, walipoingia wa kwanza. Mmoja wao alikuja Knicks: Nat Clifton, aliyeitwa "Sweetwater" kwa kupenda vinywaji vitamu kama soda. Lapchick akampokea, akamchezesha. Si kila mtu alifurahi. Richard, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 5, amesimulia kwamba alitazama nje ya dirisha la chumba chake akaona sanamu ya baba yake imening'inizwa mtini kwa kamba shingoni. Tena simu ililia nyumbani mara kwa mara, na mtoto alipoinua ile simu nyingine kusikiliza, alisikia watu wasiojitambulisha wakimtukana baba yake kwa sababu ya watu weusi. Mtoto hakuelewa. Alijua tu kwamba kuna watu wanaomchukia baba yake, na hakujua kosa lake.

Baba hakumwondoa Clifton. Wakiwa pamoja, Knicks walifika fainali za ligi miaka mitatu mfululizo: 1951, 1952 na 1953. Zote tatu walishindwa. Fainali ya 1951 ndiyo iliyoniuma zaidi. Walipigwa na Rochester mechi tatu za kwanza, wakazinduka wakashinda tatu zilizofuata, kisha wakaanguka kwenye ile ya saba kwa pointi 4 tu. Mimi nilishindwa kwa pointi 3 katika nusu fainali ya kaunti nikasahau adabu niliyofunzwa na mama. Yeye alishindwa mbele ya taifa zima, mwaka baada ya mwaka, na mwaka uliofuata akarudi uwanjani.

Mwaka huo huo wa 1951 likazuka jambo lililotikisa vyuo vya Marekani. Iligunduliwa kwamba wachezamadau walikuwa wakiwahonga wanafunzi. Hawakuwaomba washindwe kila mara. Mara nyingi waliwataka tu wapunguze tofauti ya mabao, ili wenye kucheza kamari wavune. Vijana wa vyuo kadhaa walikamatwa, wakiwemo wa City College ya New York, chuo kilichokuwa kimetwaa mataji yote mawili makubwa mwaka 1950. Kocha wa chuo hicho alikuwa Nat Holman, aliyewahi kucheza bega kwa bega na Lapchick katika Celtics. Vipaji vikubwa vilizimika kama mshumaa kwenye upepo.

Lapchick alifanya nini? Alichukua mkasi na gundi. Alikata habari hizo magazetini akazibandika katika daftari. Aliporejea St. John's mwaka 1956, kila mchezaji wake alipewa daftari hilo alisome, aone nyuso za vijana kama yeye walioharibikiwa, kisha atie sahihi kwamba amelisoma. Hakuwa na hotuba ndefu. Nawaza kama tungekuwa na daftari la namna hiyo shuleni kwetu, maana siku hizi kamari imehamia kwenye simu. Kuna mwenzetu, simtaji, aliyeibashiria timu ya Ulaya karo yake ya muhula, timu ikafungwa, naye akakaa nyumbani wiki tatu akisema anaumwa.

Huko St. John's Lapchick alishinda NIT mwaka 1959. Mwaka 1965 akawa anatimiza miaka 65, na kanuni za chuo zilisema umri huo ukifika, mtu astaafu. Vijana wake walijua kwamba NIT ya mwaka huo ndiyo ya mwisho kwa mzee. Wakacheza kana kwamba kila mmoja amekopa miguu ya mwenzake. Fainali wakaishinda Villanova 55 kwa 51. Hilo lilikuwa taji lake la nne la NIT. Kwa jumla, katika miaka yake ya St. John's alishinda mechi 334 na kushindwa 130. Akamwachia kazi msaidizi wake, Lou Carnesecca, akaenda zake. Alifariki tarehe 10 Agosti 1970.

Ningeweza kuweka kalamu chini hapa, lakini mti hujulikana kwa matunda yake. Yule mtoto wa dirishani, Richard, alikua akawa mwalimu wa chuo na mpiganiaji wa haki katika michezo. Aliongoza kampeni ya kupinga timu za Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi kushiriki michezo ya kimataifa. Mapambano hayo yaligusa hata nchi yetu: mwaka 1976 Kenya ilisusia michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini, iliruhusiwa kushiriki. Wanariadha wetu walikosa medali kwa ajili ya jambo hilo. Mwaka 1978 Richard alivamiwa usiku ofisini mwake katika mji wa Norfolk, Virginia, akapigwa vibaya na kuchorwa tusi la kibaguzi tumboni kwa mkasi. Hakuacha. Mwaka 1994 Nelson Mandela alipoapishwa kuwa rais, Richard Lapchick alikuwa miongoni mwa wageni wake. Kwa hivyo lile kumbatio la ukumbi wa dansi lilisafiri mbali sana.

Nilirudi kwa kocha na karatasi zake. Akauliza, "Haya, kwa nini nimekupa?" Nilikuwa nimeandaa jibu refu lenye methali mbili na nahau moja. Nilipofungua kinywa yakatoka maneno machache tu: "Kwa sababu sikutoa mkono, mwalimu." Akatikisa kichwa, akaendelea kusahihisha vitabu.

Muhula wa pili nilikwenda na kwaya kwenye tamasha la muziki. Nani nimwone kwenye foleni ya chai? Yule yule senta! Moyo ulinidunda kuliko mpira. Nikamwendea nikamwambia, "Ndugu yangu, siku ile sikukupa mkono. Tena nilicheka wakati hawa wetu wakiimba. Nisamehe." Akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mkono si kitu. Kile kicheko ndicho nilichokwenda nacho nyumbani." Akanyamaza, nami nikanyamaza. Baadaye akanisogezea kikombe chake cha chai nikashikilie, akaenda kunichukulia mandazi.

Sikumkumbatia. Foleni ilikuwa ndefu na chai ya moto, na mimi bado sijawa Lapchick. Lakini mechi za muhula wa kwanza zitarudi, na huenda tukakutana tena katikati ya uwanja, yeye na mimi, kabla refa hajaurusha mpira. Nimekwisha amua nitakalofanya.

Sasa nasema na wenzangu, hasa wale walioimba siku ile, ambao huenda wanausoma ukurasa huu wakiwa bwenini. Sikuandika ili niwaaibishe. Aibu ya kwanza ni yangu. Ninaloomba ni kwamba siku hiyo mtakaponiona nikimfungulia mikono, wimbo ule usisikike. Mkishindwa kunyamaza, basi imbeni jina langu mimi. Mlingoti ni jina refu, linatosha kwa kibwagizo.

Nikomee hapa, wino unaniishia. Wasalaam.